Hongo ya Jiwe la Jua

Mnyamwezi aliyekuwa akipokezana nami kompyuta alikuwa mwizi, mchoyo na mwongo. Nasema hivyo kwa haki kamili, kwa sababu alikuwa mtani wangu. Mimi ni Mgogo. Babu zake walipita kwetu na misafara, mizigo vichwani, wakielekea pwani, na babu zangu waliokuwa na visima wakawatoza hongo, yaani ushuru wa kupita na kunywa maji. Walilipa kwa nguo na shanga. Tangu enzi hizo Mgogo na Mnyamwezi hutukanana bila kugombana na huporana vitu vidogo vidogo, na anayenuna ndiye aliyeshindwa. Mimi nilikuwa nanuna karibu kila siku.

Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya tisini, biashara zilipokuwa zimefunguliwa na kila mstaafu wa Dodoma akaona lazima naye afungue kitu. Bosi wetu alikuwa afisa mstaafu. Alifungua steshenari karibu na stendi, akapanga madaftari na kalamu mbele, na nyuma ya pazia akaweka kompyuta moja ya mtumba na printa iliyopiga kelele kama mashine ya kusaga. Mimi nilikuwa msichana aliyemaliza kidato cha nne, nakaa Ipagala kwa shangazi yangu, na nilijua kupiga chapa. Nikapewa zamu ya asubuhi. Mtani, kijana wa mjini, Mwislamu wa familia iliyotulia Dodoma tangu misafara hiyohiyo, akapewa zamu ya mchana.

Kompyuta ile ilikuja na gemu ndani. Mwenyewe wa kwanza, huko ng'ambo alikokuwa, alisahau kulifuta, nasi hatukumwambia bosi. Ndani ya gemu kulikuwa na mtu wa miraba minne, ndevu hadi kifuani, aliyeshuka mapangoni na shoka kuua mazimwi. Hatukujua namna ya kutengeneza mtu wa pili, kwa hiyo tulikuwa naye huyohuyo mmoja. Asubuhi alikuwa wangu, mchana wake. Niliposikia bosi anasogea upande wa pazia nilibonyeza printa itoe ukurasa wa majaribio, na kelele zake zikafunika vilio vya mazimwi. Bosi alilalamika kwamba karatasi zinakwisha haraka mno, nami nilimwambia mashine za mtumba ndivyo zilivyo.

Utamu wa gemu lile haukuwa katika kuua. Ulikuwa katika vijiwe. Kila zimwi lilipoanguka liliweza kudondosha kijiwe kilichochorwa alama ya kiuchawi, mistari miwili mitatu iliyokatana, mfano wa chapa tunazowapiga ng'ombe wetu ubavuni. Shoka lilikuwa na matundu matatu ya kutia vijiwe hivyo, na ngao matundu mawili. Ukichanganya kijiwe hiki na kile, mtu wetu alipata nguvu fulani. Ukibadilisha kimoja, akapata nyingine kabisa. Ila kulikuwa na sharti kali: kijiwe kikishaingia tunduni hakitoki. Ukikitaka tena lazima uvunje silaha, na silaha ikivunjika vijiwe vyake vyote vinapotea.

Majina ya vijiwe yalikuwa ya lugha ambayo haikuwa hata Kiingereza, basi tukavipa yetu. Kimoja tulikiita Radi, kingine Upepo, kingine Barafu. Kimoja kilichofanana na mti wa miiba tulikiita Mwiba, nacho tulikidharau kwa sababu kila zimwi dogo lilikitema. Nilikuwa naandika michanganyiko yetu kwenye faili ndani ya kompyuta, mtani naye akiongeza yake mchana, na matusi juu yake. Karibu yote haikufaa. Tulitia Radi kwanza, tukaongeza Mwiba, na shoka likatoa cheche za kuwashia jiko tu.

Aliyetufungua macho ni bibi yangu, mzaa mama. Alikuwa mkulima wa Mvumi, mwembamba, mkali, na Kiswahili alikizungumza kama mtu anayekanyaga mawe ya moto. Siku moja alikuja mjini na kifurushi cha mlenda mkavu, mboga yetu ya kuvutika, kwa ajili ya shangazi, akapitia dukani kunisalimu. Ilikuwa saa ya kubadilishana zamu, mtani ndiyo kwanza ameingia. Akampa bibi shikamoo ya adabu kabisa. Bibi aliitikia, kisha akaniuliza kwa Kigogo huyu ni wa wapi. Nilipomwambia, akamnyooshea mtani fimbo yake kifuani.

"Mnyamwezi," akasema, "umelipa hongo? Hakuna anayepita Ugogo bure."

Mtani alijibu kwamba babu zake walilipa nguo nzima kwa maji ya tope, na kwamba anadai chenji. Bibi alifurahi hadi akakaa. Akataka kuonyeshwa tunachofanya nyuma ya pazia. Alimtazama mtu wetu akikata mazimwi, akauliza yamemkosea nini. Nikamweleza habari ya vijiwe, kwamba unachanganya na huelewi kwa nini haviivi. Akauliza kinachoanza ni kipi. Nikasema chenye nguvu zaidi, Radi.

Bibi alinitazama kama nilivyokuwa nikitazamwa nikiwa na miaka sita. Akaniuliza kama nikipika mlenda natia mlenda kwanza halafu magadi ndiyo yafuate. Nikasema hapana, magadi hutangulia majini, mlenda baadaye, karanga mwisho kabisa; ukigeuza, hauvutiki. "Sasa," akasema, "unaniuliza nini?" Akachukua kifurushi chake akaenda zake.

Tuligeuza. Mwiba kwanza, Radi juu yake. Shoka lilirusha mwali uliolichoma zimwi la kwanza, ukapenya, ukalichoma la pili, ukaenda hadi la tano. Kumbe jiwe la kwanza ndilo lililotengeneza njia, na la pili likapita humo. Mtani akasema mdharau mwiba mguu huota tende. Kuanzia siku ile nami nikaanza kutoza hongo. Mnyamwezi hakukalia kiti mchana kabla hajaniachia kijiwe kimoja katika sanduku la mtu wetu, upande wangu. Aliniachia Barafu tupu kila siku, akijua sina kazi nayo.

Halafu likatokea Jua. Lilidondoka asubuhi moja ya Jumatatu kutoka kwa zimwi ambalo hata halikuwa kubwa, jiwe la manjano lenye duara na mistari minne. Tulicheza miezi na hatukuwahi kuliona, wala hatukuliona tena. Nilijua mara moja linakwenda wapi: tundu la tatu la shoka, baada ya Mwiba na Radi. Chini ya pango la mwisho palikuwa na zimwi la mikono minane lililotuua mara zisizohesabika, na nilikuwa na hakika shoka lile litalimaliza. Mtani alikuwa na hakika vilevile kwamba Jua linafaa kwenye ngao pamoja na Upepo, ili mtu wetu apone majeraha huku anakimbia. Nikamwambia hiyo ndiyo akili ya wapagazi, kila siku mbio na mzigo. Akaniambia na yangu ni akili ya watu waliokaa kisimani wakisubiri wengine watoe jasho.

Tukakubaliana Jua lisiguswe na yeyote mpaka tukubaliane. Likabaki kwenye mkoba wa mtu wetu. Kila nilipofungua asubuhi nilikagua mkoba kabla ya kunywa chai, naye alikagua mchana kabla ya kunisalimia. Nakiri kwamba siku mbili nilikuwa nimeliburuta Jua hadi ukingoni mwa tundu, kisha nikalirudisha mkobani. Nilichohofia ni kwamba mtani hangenuna. Angecheka, angeniambia Mgogo kashindwa kusubiri, nami ningeishi na kicheko hicho.

Kilichotuharibia ni barua ya kwaya. Mwenyekiti wa kwaya moja aliniletea barua ya kuomba mchango wa kinanda, kurasa mbili. Niliprinti ukurasa wa kwanza wa barua, na wa pili nikaprinti faili la vijiwe. Mimi ndiye niliyeprinti, lakini mpaka leo nashikilia kosa ni la mtani, aliyelipatia faili lile jina linalofanana na barua. Mwenyekiti hakusoma, akapeleka bahasha kwa mfanyabiashara mmoja wa mjini. Ukurasa wa kwanza ulimsalimu katika jina la Bwana. Ukurasa wa pili ulisema: Mwiba kwanza, Radi halafu. Jua lisiguswe mpaka tukubaliane. Mwenye mikono minane apigwe magotini.

Mfanyabiashara alitaka kujua hii ni kwaya ya kanisa gani.

Bosi alikuja nyuma ya pazia na karatasi ile mkononi, na safari hii printa haikunisaidia. Hakutufukuza. Alikuwa mzee mwenye huruma, na nadhani hakujua pa kupata mpiga chapa mwingine kwa mshahara ule. Alisema tu kwamba Jumamosi, saa tatu asubuhi, fundi atakuja kufuta kila kitu kilichomo ndani ya kompyuta na kuijaza upya, na kwamba hataki kusikia habari ya mikono minane tena. Siku hiyo ilikuwa Jumatano.

Tulifanya kikao nje ya duka, mimi na mtani. Tulipanga Ijumaa wakati wa kupokezana zamu, bosi akiwa msikitini, tukae pamoja, tuamue Jua liende wapi, na tumshushe mtu wetu pangoni kwa mara ya mwisho. Sijui kama msomaji ataelewa jinsi nilivyolitaka jambo lile. Nilikuwa na miaka ishirini, kidato cha tano sikuchaguliwa, na kila nilichokiandika kwa vidole vyangu kilikuwa barua ya mtu mwingine. Shoka lile tulilitengeneza sisi. Nilitaka kuona linafanya nini kabla halijafutwa.

Alhamisi alfajiri ikaja habari Ipagala kwamba bibi amefariki usingizini. Shangazi naye ni mama wa kulia kwa sauti, akaanza hapohapo. Mimi nilifunga nguo katika kanga, nikamwambia kijana wa jirani apeleke ujumbe dukani, na tukapanda pikapu ya Mvumi. Njia nzima sikutoa chozi. Nilitazama vichaka na vumbi, na nikajikuta nikiwaza kwamba mtani sasa ana siku nzima peke yake na Jua. Niliona aibu kubwa. Bibi yangu amelala ndani, na mimi nahesabu vijiwe.

Huko Mvumi wanawake walinipokea kwa vilio, wakanishika, wakasubiri nami nilie, nikashindwa. Usiku ule nilisikia wawili wakisema kwamba mji umeniharibu.

Ijumaa kabla ya mchana nikamwona mtani anaingia uani. Amevaa kofia yake ya Ijumaa na viatu vyekundu kwa vumbi. Aliwapa wazee shikamoo mmoja baada ya mwingine, akajitambulisha kuwa ni Mnyamwezi, na papo hapo akapewa jembe akachimbe kaburi, kwa sababu msiba usio na watani kwetu ni kama mlenda usio na magadi. Kwangu alisema pole, basi. Mimi nikamwuliza kama Jua lipo. Ndivyo nilivyomwuliza, mbele ya shangazi. Akasema lipo, hajaligusa, na akaenda kuchimba.

Jioni tulimpeleka bibi. Mwinjilisti alisoma, kwaya ikaimba, na jeneza lilipotaka kushushwa watu wakaona hapapatikani pa kulishushia. Mtani alikuwa amejilaza humo kaburini. Alikuwa amejifunga kanga ya bibi na kushika fimbo yake. Akainuka taratibu, kiuno kimepinda upande kama alivyopinda bibi, akamnyooshea mjomba wangu fimbo ileile kifuani, na kwa sauti ileile ya kukanyaga mawe ya moto akauliza huyu ni wa wapi. Watu waliokuwa wanalia wakaangua kicheko. Alimwona bibi mara moja tu, lakini alikuwa amemshika mzima.

Kisha akarudi kwenye sauti yake.

"Bibi huyu alinidai hongo siku ya kwanza aliponiona," akasema. "Alisema hakuna anayepita bure. Leo msafiri ni yeye, na mwenye njia ni mimi. Hapiti mpaka alipiwe."

Mjomba alimpa sarafu, akaitupa juu ya udongo. Akaletewa jogoo, akamsifu, akasema arudishwe bandani. Wakamwuliza basi anataka nini. Akasema anataka Jiwe la Jua, na kwamba analo mjukuu wa marehemu, yule pale anayenuna.

Msiba mzima ukanigeukia.

Lazima ieleweke ilikuwa miaka gani. Watu walikuwa wakifukua vito kila kona ya nchi, na kila ukoo ulikuwa na hadithi ya mjinga aliyeuza jiwe kwa bei ya sukari. Mjomba alinisogelea, akanong'ona kuniuliza jiwe lenyewe lina ukubwa gani. Mwingine akasema nisimpe, Mnyamwezi hatoi kitu bure, lipelekwe kwanza likapimwe. Wa tatu akataka kujua bibi alilipata shamba lipi. Mwinjilisti alifunga kitabu, akakifungua, akakifunga. Kikongwe mmoja aliyekaa chini akasema kwa sauti kwamba kama mtu anataka jua, apewe, alibebe lote, sisi tunataka mvua.

Nilikuwa nimewaka. Niliona mchezo wake wote: nikitamka mbele ya ukoo kwamba nimempa, kesho alfajiri atakuwa mjini na atalitia Jua ngaoni kabla fundi hajafika, na sitakuwa na neno, kwa sababu kilichotolewa kwa mtani hakidaiwi. Amengoja bibi yangu afe ili anishinde. Nikamtazama pale alipo, udongo hadi magotini, kanga ya bibi imemkaa vibaya. Jeneza lilikuwa mabegani mwa watu. Nikasema chukua.

Akasema hajasikia.

"Nimekupa Jua," nikasema. "Lote. Mpishe."

Alifungua kanga, akaikunja vizuri, akaiweka juu ya jeneza. Kisha akatoka kaburini na kusimama kando. "Pita, bibi," akasema. "Njia nyeupe." Wakamshusha.

Pikapu ya mwisho ya mjini ilipiga honi jua likizama, nikajua imempakia mtani. Nililala nikiwa na hasira, na hasira ilinisaidia kulala. Wajomba walinifuata asubuhi wakitaka kujua kama mawe yamebaki mengine. Mmoja aliendelea kuniuliza hadi nilipoolewa. Niliwakimbia kwa kuzunguka nyuma ya jiko. Huko nikamkuta mtani amechuchumaa, mikono ya shati imekunjwa, anasugua sufuria kubwa ya ugali kwa mchanga. Wanawake walikuwa wamempa kazi ya watani, kuosha na kuteka maji mpaka siku ya kuanua matanga, naye alikuwa amelala nje na vijana wa pale. Redio ndani ya nyumba ikatangaza saa nne.

"Mtani," nikasema, "fundi amekwisha kufuta."

"Tangu saa tatu," akasema. Hakuinua kichwa.

"Na Jua?"

"Lilikuwa mkobani. Na mtu wetu, na shoka, vyote."

"Ulijua hutarudi. Sasa jana ulinidai la nini?"

Alisugua kidogo, akamwaga maji, akatazama ndani ya sufuria.

"Ningekudai leo," akasema, "usingekuwa nalo la kumlipia."

Nilianza kucheka. Nilicheka nikashika ukuta wa jiko, na ndani ya kicheko hicho kilio cha bibi kikapata njia, kikatoka chote kilichokuwa kimekwama tangu Alhamisi. Nililia kwa sauti kubwa kuliko shangazi. Wanawake wakatoka kunitazama, wakaridhika, wakarudi ndani. Mtani alisubiri mpaka nikaanza kupenga kamasi. Kisha akanisukumia sufuria ya pili na kopo la mchanga, akasema Mgogo halii bure mbele ya Mnyamwezi, nilipe hongo. Nikakaa chini karibu naye, nikasugua.